Karafuu za Mama, Karafuu za Mdogo Wangu

Idi ikikaribia, kwetu pilau hupikwa sufuria mbili. Ile kubwa ina viungo vyote: bizari nzima, iliki, mdalasini, pilipili manga na karafuu za kumwaga. Ile ndogo haina karafuu, na ni ya mdogo wangu wa kike. Wageni hudhani zinamdhuru mwilini. Hazimdhuru. Akiwa na mafua, pua imeziba, anaweza kula pilau ya sufuria kubwa akamaliza sahani. Tatizo ni harufu inapopanda na mvuke. Viganja vinamtoka jasho, shingo inamkaza, na macho yanatafuta mlango. Kuna siku nilimshika mkono jikoni akiwa katikati ya mazungumzo na wifi yake. Mkono ulikuwa wa baridi, umelowa, na mwenyewe anaendelea kucheka.

Asili yetu ni Pemba. Mpemba asiyestahimili karafuu huulizwa maswali mengi, na mdogo wangu ameshayachoka. Mimi ndiye niliyeyashika maswali hayo nikayafuatilia, kwa sababu harufu hiyohiyo kwangu hufanya kinyume kabisa. Nikiisikia, mabega yanashuka na pumzi inakuwa ndefu. Tumezaliwa tumbo moja, pua zetu zinafanana hata kwa umbo. Iweje kitu kimoja kimtoe mmoja jikoni na kimlaze mwingine usingizi?

Nianze na ninachokijua vizuri. Mimi nilibaki kwa bibi Pemba mpaka nikawa mkubwa wa kwenda dukani peke yangu, wakati mdogo wangu alihamishiwa Dar es Salaam akiwa bado ananyonya. Msimu wa karafuu ukifika, kisiwa kizima hunukia. Karafuu huanikwa kwenye majamvi uani, barazani, hata kando ya barabara, na ukipita na gari vioo vikiwa wazi unaijua kila nyumba iliyovuna. Kazi yetu watoto ilikuwa kuchambua. Baada ya swala ya isha tunakaa kwenye mkeka, taa katikati, kila mmoja na fungu lake. Unashika kikonyo kwa mkono mmoja, unasukuma karafuu kwa kidole gumba kwenye kiganja cha mkono wa pili, zinang'oka zote kwa mpigo. Karafuu zinaingia kikapu hiki, makonyo yanakwenda kule, maana nayo yanauzwa, kuna kiwanda Chake Chake kinachoyakamua mafuta. Baada ya muda vidole vinanata na kugeuka rangi. Bibi anasimulia. Mtu mmoja analala palepale alipokaa, anafunikwa kanga. Hakuna aliyetuambia tukumbuke chochote katika usiku ule.

Mdogo wangu naye alikutana na karafuu mahali pengine. Alikuwa na umri wa kuanza shule, jino limeoza, akapelekwa kliniki moja mjini. Watu wazima wawili walimshika mabega na miguu. Ganzi haikukolea. Jino lilichimbwa, likasafishwa, likazibwa. Anachokikumbuka zaidi ya maumivu ni harufu iliyojaa mdomoni na puani kwa siku kadhaa baadaye. Harufu hiyo ni yujenoli, mafuta yanayofanya sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu. Madaktari wa meno wameyatumia kwa muda mrefu wakiyachanganya na oksidi ya zinki kuzibia meno, kwa kuwa yanatuliza maumivu. Bibi yangu alifanya jambo lilelile bila kliniki, alipokuwa akibana karafuu nzima kwenye jino linalomsumbua.

Mwaka 1998 watafiti wa Lyon, Ufaransa, walichapisha kazi ambayo nilipoisoma nilimpigia mdogo wangu simu palepale. Waliwanusisha watu yujenoli huku wakipima mwili wenyewe: mapigo ya moyo, joto na unyevu wa ngozi, upumuaji. Waliokuwa hawamwogopi daktari wa meno waliipenda harufu hiyo, na miili yao ikaonyesha furaha na mshangao. Waliokuwa wanamwogopa waliichukia, na miili yao ikajibu kwa hofu, hasira na kinyaa. Kichupa ni kimoja. Kilichotofautiana ni kile ambacho kila mmoja alishapitia nacho. "Kwa hiyo mimi si mwendawazimu," alisema. Nilisikia sauti yake ikilegea, na nikatambua kwamba kwa miaka yote ile alikuwa amejiuliza.

Ili kuelewa kwa nini ngozi yake inajibu kabla ya akili, inabidi kuifuata harufu njia yake yote. Hewa ikiingia puani, chembe za harufu hufika juu kabisa, kwenye dari la pua, ambako kuna utando mdogo wenye mamilioni ya seli za neva. Kila seli ina aina moja ya kipokezi, na binadamu ana aina zipatazo 400. Jeni zake ziligunduliwa na Linda Buck na Richard Axel mwaka 1991 kwa kuchunguza panya, na mwaka 2004 wakapewa Tuzo ya Nobel. Harufu moja hugusa vipokezi kadhaa kwa pamoja, na ubongo husoma mkusanyiko huo. Ndivyo vipokezi vichache vinavyotosha kutenganisha harufu nyingi mno, iliki na karafuu zikiwa ndani ya chungu kimoja.

Nyuzi za seli hizo hupenya kwenye mfupa mwembamba uliojaa vitundu na kufika kwenye balbu ya harufu, chini ya sehemu ya mbele ya ubongo. Hapo ndipo pua inapoachana na viungo vingine. Taarifa za macho, masikio na ngozi hupelekwa kwanza thalamasi, katikati ya ubongo, ndipo zikagawanywa. Harufu haianzii huko. Ikitoka kwenye balbu inakwenda kwenye gamba la harufu, na kwa njia fupi hivyohivyo inafika kwenye amigdala, inayoshughulika na hofu na raha, na kwenye eneo linalolisha hipokampasi, ambako matukio ya maisha hufungwa kuwa kumbukumbu. Taarifa nyingine ni wageni, hupiga hodi barazani zikangoja kukaribishwa. Harufu ni mtu wa nyumbani, anapita mlango wa uani na unamkuta keshafika jikoni.

Kuna mtu mmoja aliyewafundisha wanasayansi mengi juu ya maeneo hayo. Henry Molaison, Mmarekani, alifanyiwa upasuaji mwaka 1953 ili kumtibu kifafa, na madaktari wakaondoa sehemu kubwa ya hipokampasi zake pamoja na maeneo jirani ya pande zote mbili. Wengi wanajua kwamba tangu siku hiyo hadi alipofariki mwaka 2008 hakuweza tena kutunza kumbukumbu mpya za maisha yake. Kisichotajwa sana ni pua yake. Akinusishwa kitu alijua kwamba hapa kuna harufu, na alijua ikiwa ni kali au hafifu, lakini hakuweza kusema ni ya nini wala kutofautisha harufu moja na nyingine. Kunusa kulibaki, kutambua kukaondoka. Kila ninapofikiri habari zake naona jinsi pua na kumbukumbu zilivyokaliana karibu, kiasi kwamba kisu kilichogusa moja kiliharibu na nyingine.

Lakini ujirani huo peke yake hauelezi kwa nini karafuu ya kliniki iliishinda nguvu karafuu ya jikoni, aliyoisikia mara nyingi zaidi baadaye. Hapa kuna jambo ambalo naliona zito kuliko yote: harufu hushikamana na tukio la mwanzo. Mwaka 2009 Yaara Yeshurun na wenzake, Israel, waliwaonyesha watu picha za vitu huku wakiwapa harufu, kisha baadaye wakawaonyesha vitu vilevile pamoja na harufu nyingine. Wiki moja baada ya hapo, ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, hipokampasi iliwaka kwa namna ya pekee kwa harufu iliyotangulia kukutanishwa na kitu. Walipofanya hivyo kwa sauti, hawakuona upendeleo huo. Ubongo unaipa harufu ya kwanza kiti chake, na zinazofuata zinakaa pembeni.

Na mara nyingi hiyo ya kwanza ni ya utotoni. Johan Willander na Maria Larsson, watafiti wa Sweden, waliwapa wazee wa miaka 65 hadi 80 maneno, picha au harufu, kisha wakawauliza kila kimoja kimewakumbusha nini. Maneno na picha ziliwarudisha zaidi kwenye ujana, baada ya umri wa miaka 10. Harufu ziliwarudisha nyuma zaidi, ndani ya miaka 10 ya kwanza. Huko Ufaransa watafiti waliona hata watoto waliozaliwa karibuni wakigeukia harufu ya kiungo kiitwacho anisi ikiwa mama zao waliila wakati wa ujauzito. Maana yake mlango unafunguka kabla hatujatoka tumboni.

Niseme pia kile ambacho harufu haifanyi, kwa sababu watu hukitia chumvi. Kumbukumbu inayoletwa na harufu si lazima iwe sahihi kuliko inayoletwa na picha. Rachel Herz, mtafiti wa Marekani aliyeshughulikia jambo hili kwa miaka mingi, amelionyesha hilo: kinachozidi ni hisia, mtu kujiona yuko palepale. Bibi yangu katika kumbukumbu zangu za karafuu huwa anacheka. Dada zangu wakubwa wanasema alikuwa mkali sana usiku wa kuchambua, na huenda ndio walio sahihi. Karafuu imenitunzia upendo wake. Habari zenyewe za jioni zile sina hakika imezitunza.

Watu wa pwani wanayajua haya bila maabara. Udi unaofukizwa chumba cha bi harusi ndio unaofukizwa kwenye nyumba ya msiba. Karafuu maiti, ile kafuri ya kuoshea wafu, haikai kabatini na nguo kwa baadhi ya familia ninazozijua, kwa vile mtu akiisikia tu anaona jeneza. Mwanamke anayekaa eda ya kufiwa na mume haguswi na manukato kwa miezi minne na siku kumi, na siku anayotoka eda nyumba inabadilika kwa pua kabla ya kubadilika kwa macho. Sisemi sheria hiyo iliwekwa kwa ajili ya ubongo. Nasema waliokaa nayo vizazi kwa vizazi wameishi wakijua kwamba marashi hubeba uzito.

Na hata karafuu zetu zina uzito ambao sisi watoto wa jamvini hatukuubeba. Mashamba makubwa ya mikarafuu ya Unguja na Pemba yalistawishwa wakati wa Sultani Seyyid Said na waliomfuata kwa jasho la watumwa waliotolewa bara. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikanusurika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo ndiyo mzalishaji mkuu wa karafuu za Zanzibar. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897. Nikifikiri sasa, msichana aliyepandishwa mkarafuu kwa amri ya mtu aliyemnunua alisikia harufu ileile niliyolalia mimi chini ya kanga ya bibi. Sina namna ya kujua ilimfanya nini miaka ya uzeeni mwake, lakini siwezi tena kusema karafuu ina harufu ya amani. Ina harufu. Amani ilikuwa ya nyumba yetu.

Sasa nifike kwa mama. Mwaka 2021 aliugua homa na kikohozi, akapona, lakini pua haikurudi. Wakati huo ulimwengu mzima ulikuwa unajifunza kwamba korona inaweza kumnyima mtu harufu. Wanasayansi walikuta kwamba virusi hivyo hushambulia zaidi seli zinazozitunza seli za neva za pua kuliko seli za neva zenyewe. Zikiharibika, utando mzima unayumba. Lililo jema ni kwamba seli za neva za pua ni katika zile chache mwilini ambazo hufa na kuzaliwa upya maisha yote. Lililo gumu ni kwamba nyuzi mpya hulazimika kutafuta upya njia yake hadi kwenye balbu.

Mama alikuwa anaishi kwa mdogo wangu Dar es Salaam. Kwanza maharage yaliungua yeye akiwa kakaa pembeni ya jiko. Kisha akaanza kuoga mara nyingi kwa siku, maana hakujua kama ananuka jasho. Asumini alizoletewa aliziweka kwenye kisahani, baada ya muda akazitupa zikiwa bado mbichi. Lililoniuma mimi ni alipombeba mjukuu, akaweka pua kwenye utosi kama ilivyokuwa desturi yake kwa kila mtoto wa ukoo huu, akanyamaza, akamrudisha kwa mama yake. Alisema, "Ni kama nimempakata mtoto wa kwenye televisheni." Baadaye ikaja hatua mbaya zaidi: harufu zikaanza kurudi zikiwa zimepotoka. Kahawa ikanuka plastiki inayoungua, kitunguu kinachokaangwa kikanuka uozo. Madaktari wanasema hali hii hutokea njia za neva zinapojengwa upya, lakini mgonjwa haoni kujengwa, anaona anaharibikiwa.

Daktari aliyemwona alimpa zoezi lililotokana na kazi ya Thomas Hummel wa Dresden, Ujerumani, iliyochapishwa mwaka 2009. Mgonjwa ananusa vitu vinne, asubuhi na jioni, sekunde chache kila kimoja, akituliza akili na kuikumbuka harufu anayoitafuta. Katika utafiti wa Hummel zoezi lilikwenda wiki 12, na waliofanya walipata nafuu kuliko wasiofanya, ingawa si wote. Vitu vinne hivyo ni waridi, mkaratusi, limau na karafuu. Nilipousoma ule mpangilio nilikaa kitako. Kwa mama yangu hakuna hata kimoja cha kutafuta duka la dawa: marashi ya waridi yapo kabatini, mafuta ya mkaratusi ni ya kuchua kifua, limau lipo kapuni. Na karafuu.

Mimi nilikuwa safarini, nyumba haikuwa na mtu mwingine wa kuamka naye. Mdogo wangu ndiye aliyezitwanga. Kila asubuhi alizitwanga mbichi, kidogo tu, kwa kuwa zilizokaa hupoteza ukali, akaziweka kwenye kikombe cha kahawa kisicho na mkono, akakipeleka chumbani. Siku za mwanzo alijifunga kanga puani. Halafu aliniambia kwenye simu kwamba ameacha, kwani mama alimuuliza kwa nini anakuja kwake amejifunika uso, naye hakutaka kumweleza.

Mkaratusi ulitangulia kujibu, lakini haikuwa harufu. Ilikuwa baridi tu puani, kwani mkaratusi hugusa pia neva nyingine usoni inayohisi ukali na ubaridi, na neva hiyo haikuguswa na ugonjwa. Limau likafuata kwa mbali. Karafuu ilikaa kimya muda mrefu. Kisha asubuhi moja mama aliinua kichwa kutoka kwenye kikombe, akamwambia mdogo wangu, "Hapa pana Mtambwe."

Mtambwe ndiko alikokulia, upande wa Wete. Hakutaja karafuu. Jina la kitu lilikuja baada ya jina la mahali, baada ya kukaa kidogo na kurudia kunusa. Nimesoma kwamba watu hupata tabu kuitaja harufu hata wakiijua sana. Kwa mama tabu hiyo ilituonyesha mpangilio wa kazi ubongoni: kwanza nyumbani, halafu neno.

Hajarudi kamili. Kahawa bado haijakaa sawa, na utosi wa mjukuu anausikia siku nyingine, siku nyingine hausikii. Anaendelea na vikombe vyake vinne.

Mdogo wangu naye alibadilika kwa kiasi, na hapa sayansi inaonya tusitie chumvi. Hofu iliyofundwa ikipungua, haifutwi. Ubongo hujifunza jambo jipya juu ya kitu kilekile, na jipya hilo hufungamana sana na mahali lilipojifunziwa. Ndani ya chumba cha mama anazitwanga bila shida. Kwenye harusi, karafuu zikiwa ndani ya masufuria makubwa, bado anakaa upande unaotoka upepo.

Juzi ilibidi azibwe jino lingine. Alikwenda kliniki tofauti na ile, na ganzi ilikolea. Nilimuuliza harufu ilikuwaje. Akasema ilikuwa ileile, na viganja vilitoka jasho vilevile, ila ghafla alimsikia mama akisema Mtambwe.

"Vyote viwili?" nikamuuliza.

"Vyote viwili, kwa pamoja. Sikujua nishike kipi, na daktari kashamaliza."